Mlango wa gari la Tanga na kile kiboksi nilichotuma

Najua nimewatupa, mara ya mwisho kuandika ilikuwa kabla ya Krismasi. Si makusudi jamani. Zamu za usiku zimenibana, na baridi ya hapa Worcester, Massachusetts, mwaka huu imetutia adabu wote, wenyeji na sisi wa kuja. Leo niko mapumziko, nimejifungia ndani na birika la chai, nataka nilipe deni moja la muda mrefu.

Deni lenyewe ni la baba mdogo kule Tanga. Shikamoo baba mdogo. Najua haya mambo ya mtandao huna habari nayo, lakini binti yako atakusomea kwenye simu. Mwambie asome polepole, na vijana wako wa gereji nao wasogee wasikilize, maana yanawahusu.

Kwa wasiojua kisa, ni hivi. Mwaka juzi mteja mmoja alimletea baba mdogo gari la Ulaya, mtumba lililopitia Uingereza. Jina la gari naliacha, silo la maana hapa. Mlango wa dereva ulikuwa umekufa: kioo hakishuki, saiti mira haigeuki, rimoti ukiibonyeza milango mingine inajifunga, huo unakutazama tu. Baba mdogo akaufungua, akakuta maji yameingia kwenye kiboksi kilichofungwa kwa ndani, kinalingana na kipande cha sabuni ya kufulia. Mafundi wa huku wanakiita moduli ya mlango. Chote kimeota kutu ya kijani. Akanipigia simu: "Mwanangu, huko kwenu hayo magari si yamejaa? Nitafutie kimoja."

Nikaenda kwenye makaburi ya magari nje ya mji, nikatafuta gari la aina ileile na mwaka uleule, nikaomba kiboksi cha mlango wa dereva. Nikalipa dola 45, nikampa shemeji aliyekuwa anasafiri. Kiboksi kikafika, plagi zikaingia zote bila kulazimisha, na tatizo likazidi. Kioo kikawa kinashtuka na kusimama, taa za onyo zikawaka kwenye dashibodi, na sasa hata mlango wa abiria uliokuwa mzima ukaanza kufanya vituko. Mteja akatangaza mtaa mzima kwamba fundi amemuulia gari. Baba mdogo hakuniambia neno. Nilikuja kusikia kwa mama mdogo, wiki tatu baadaye, kwamba mzee hali vizuri na wateja wamepungua.

Liliniuma sana hilo. Huyu ni mtu aliyenifundisha mimi kushika spana, chini ya ule mkungu wa Ngamiani, nikiwa na miaka tisa. Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya, na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu ule mlango una historia ndefu kuliko gari lenyewe.

Mlango wa gari zamani ulikuwa kitu cha chuma na mkono. Baba mdogo alijifunzia kwenye Peugeot 504, gari lililotoka mwaka 1968. Ndani ya mlango ule kuna mashine ya kioo, kitasa, fimbo mbili tatu na spring. Ukizungusha mkono kioo kinapanda. Kikigoma, unafungua, unaona kwa macho kilichokatika. Hakuna siri.

Lakini watengenezaji walianza mapema kumpunguzia tajiri kazi ya mkono. Mwaka 1940 Packard ya hapa Marekani ilikuwa tayari ina vioo vinavyopanda vyenyewe, kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na mota ya umeme. Baadaye mota ndogo ya umeme ikakaa ndani ya mlango wenyewe. Mwaka 1982 Wafaransa wakatoa Renault Fuego iliyokuwa na rimoti ya kufungua milango kwa mbali. Aliyeibuni aliitwa Paul Lipschutz, na mpaka leo Mfaransa anaweza kuiita rimoti ya gari "plip", kutokana na jina lake.

Hadi hapo fundi bado alikuwa bwana. Swichi ilikuwa inapitisha umeme, umeme unakwenda kwenye mota, mota inazunguka. Ukiwa na taa ya kupimia na waya mmoja wa betri, unampata mbaya wako. Shida ikawa wingi wa waya. Kila kazi ilitaka waya wake. Dereva anataka kushusha vioo vinne, kugeuza saiti mira mbili, kufunga milango yote, kuwasha taa ya mlangoni, na zote hizo lazima zipite kwenye ule mpira mwembamba ulio karibu na bawaba. Mlango unafunguliwa na kufungwa mara elfu kwa elfu, waya zinakatikia humohumo. Gari la kifahari la miaka ile, ukizinyoosha waya zake zote, zinapita kilomita moja. Ni uzito, ni gharama, na ni ugonjwa.

Dawa ilitoka Ujerumani. Mwaka 1983 wahandisi wa Bosch, chini ya Uwe Kiencke, walianza kazi ya kutafuta namna ya kuvifanya vifaa vya gari vizungumze kwenye waya chache. Februari 1986 wakautangaza mfumo wao Detroit, kwenye mkutano wa wahandisi wa magari. Waliuita CAN. Mwaka 1987 Intel na Philips wakatoa chipu za kwanza za kuuendesha, na mwaka 1991 Mercedes-Benz S-Class ikawa miongoni mwa magari ya kwanza kuingia barabarani nao. Mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898.

Baba mdogo, CAN ifikirie kama baraza lenu la jioni. Waya ni mbili tu, zimesokotwa pamoja, na viboksi vyote vimekaa kwenye baraza hilo moja. Dereva akibonyeza swichi ya kioo cha nyuma, swichi haipeleki umeme kwa mota tena. Kiboksi cha mlango wake kinasema neno barazani: "kioo cha nyuma kushoto, shuka." Wote wanasikia, anayehusika anatenda, wengine wananyamaza. Kila neno lina namba yake. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, lenye namba ndogo ndilo linalopita, jingine linasubiri zamu, na hakuna neno linalopotea. Mwaka 1999 ukaja mfumo mdogo zaidi unaoitwa LIN, wa waya mmoja, kwa kazi zisizo na haraka kama saiti mira na swichi. Mlango ukapungukiwa waya, mpira wa bawaba ukapumua.

Ila jambo moja lilibadilika kimyakimya. Ili kiboksi kiongee barazani lazima kijue chenyewe ni nani. Kushoto au kulia? Dereva yuko upande wangu au upande ule? Saiti mira yangu inajikunja au haijikunji? Kioo changu kikigusa mkono wa mtoto kirudi chini? Majibu hayo hayamo kwenye waya, yameandikwa ndani ya kumbukumbu ya kiboksi. Kwa hiyo kiboksi cha mtumba kinakuja na maisha ya gari lake la zamani, kama mtu aliyehamia nyumba mpya na bado anaitikia jina la mtaa aliotoka.

Na hapa ndipo nilipogundua kosa, nalo ni langu mimi. Niliomba kiboksi cha mlango wa dereva. Huku Marekani dereva anakaa kushoto! Kiboksi nilichotuma kilikuwa kimeandikwa ndani: mimi ni mlango wa kushoto. Baba mdogo akakifunga kulia, mahali pake sahihi kwa gari la Tanga. Kwa gari la aina ile viboksi vya kushoto na kulia vinafanana kwa umbo na plagi, tofauti iko kwenye maandishi ya ndani tu. Sasa barazani wakawa wawili wanaoitikia jina moja, yule wa kushoto wa siku zote na huyu mgeni. Ndiyo maana hata mlango mzima ulichanganyikiwa. Baba mdogo, hukuharibu kitu. Ulifunga vizuri. Mimi ndiye niliyekutumia mtu mwenye jina la mtu mwingine.

Mtauliza, basi si kinaandikwa upya tu? Ndiyo, na hapa historia inaingia kwenye mambo ya ruhusa.

Serikali ya Marekani ilipitisha sheria mwaka 1984 kupambana na wezi wanaochinja magari na kuuza vipande. Kuanzia magari ya mwaka 1987, aina zilizokuwa zinaibwa sana zililazimika kupigwa namba kwenye vipande vikubwa, na milango imo. Kwa hiyo mlango ulipewa namba kwenye bati kwanza, kabla ya kupewa ndani ya kompyuta. Ulaya nao wizi wa magari ulikuwa mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria yao ya mwaka 1995 ikataka magari mapya yawe na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi. Ikakamilika Oktoba 1998. Tangu hapo watengenezaji walizoea wazo kwamba kifaa na gari vifungishwe ndoa. Wengine wakaivuta ndoa hiyo hadi kwenye redio, dashibodi na milango. Sisemi wana nia mbaya tu. Mwizi akijua kiboksi cha wizi hakitafanya kazi, hana sababu ya kukiiba. Lakini ndoa hiyo inamfunga pia mwenye gari aliyenunua spea kihalali makaburini kwa dola 45.

Upande mwingine kulikuwa na mlango uliofunguliwa na moshi. Jimbo la California, kwa ajili ya ule ukungu mchafu wa Los Angeles, liliweka kanuni mwaka 1985 kwamba magari kuanzia ya mwaka 1988 yajipime yenyewe injini zake. Sheria ya hewa safi ya nchi nzima ya mwaka 1990 ikaendeleza hapo, na kuanzia magari ya mwaka 1996 kila gari jipya la abiria linalouzwa Marekani lina ile plagi ya pini 16 chini ya usukani. Kuanzia magari ya mwaka 2004 watengenezaji wakatakiwa waruhusu gereji yoyote, si za kwao tu, kuandika upya programu za kompyuta zinazohusu moshi, kwa kifaa cha kiwango kimoja.

Zinazohusu moshi. Nilipoyasoma maneno hayo nilicheka peke yangu jikoni. Mlango hautoi moshi! Sheria ilimfungulia fundi injini, lakini mlango wa dereva haukumo. Kwa mlango fundi alibaki kumwomba mtengenezaji.

Watu wa jimbo hili ninaloishi ndio waliochokoza suala hilo. Novemba 2012 waliulizwa kwenye kura kama kila mwenye gari na kila gereji wana haki ya kununua taarifa na programu zilezile zinazopewa gereji za mtengenezaji, siyo za moshi tu. Asilimia 86 walisema ndiyo. Wakati huo mimi sikuwa na haki ya kupiga kura, nilikuwa nabeba boksi na kuangalia tu. Watengenezaji walipoona hivyo, mwaka 2014 wakakubali kufuata utaratibu huo nchi nzima, kwa mkataba wa hiari, ili wasije wakakutana na sheria 50 za majimbo 50.

Novemba 2020 tukaulizwa tena, safari hii kuhusu taarifa ambazo gari linazituma hewani lenyewe kwa mtengenezaji. Kura hiyo niliipiga. Nawaambia ukweli, sikuelewa vizuri. Televisheni ilikuwa inatutisha kila jioni kwamba sheria ikipita wahalifu watatumia taarifa za gari kukunyemelea. Nilipiga ndiyo kwa sababu moja tu, nilimkumbuka mzee mmoja chini ya mkungu. Asilimia 75 tulisema ndiyo, na watengenezaji wakaenda mahakamani mwezi uleule.

Sasa fundi wa hapa mtaani kwangu, mzee wa Puerto Rico mwenye gereji ya milango miwili, alinionyesha kazi yenyewe kwa macho. Alifunga chaja kubwa kwenye betri ya gari kwanza, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuandika, kiboksi kinakufa moja kwa moja. Akachomeka kompyuta kwenye ile plagi, akaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, akalipa ada kwa kadi ya benki, akaandika namba ya chesisi. Programu ikashuka, ikaingia kwenye kiboksi kipya cha mlango, dakika ishirini. Kisha akapandisha kioo hadi juu, akaishikilia swichi sekunde kadhaa, ili kiboksi kijifunze kioo kinaishia wapi. Kwisha. Nikamwuliza, je fundi wa Tanzania anaweza? Akafikiri, akasema: akiwa na kadi inayokubalika, na anwani inayokubalika, na intaneti isiyokatika, na kifaa, na gari lake limo kwenye orodha ya nchi yetu. Akahesabu kwa vidole hadi vikaisha.

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Magari yanavuka bahari kila siku kwa meli, yanashuka Dar, Tanga, Mombasa. Ile haki tuliyoipigia kura huku haikupanda meli. Mlango unafika nyumbani, ruhusa ya kuutengeneza inabaki ng'ambo. Na fundi anayelaumiwa ni yule aliye mbele ya macho ya mteja.

Mwisho wa kisa si mbaya, alhamdulillahi. Baba mdogo ana tabia ambayo mama mdogo humgombeza nayo kila siku, hatupi kitu. Kile kiboksi cha kwanza kilichooza alikuwa amekiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikampata kijana mmoja Dar ambaye zamani alikuwa anaflashi simu Kariakoo, zile simu za majuu zilizofungwa zisikubali laini za nyumbani. Siku hizi anafanya kompyuta za magari kwa ujuzi uleule. Akapanda basi hadi Tanga na laptopu yake. Akasafisha kutu kwa spiriti, akaifikia chipu ya kumbukumbu ya kiboksi cha zamani, ikawa imekufa kila kitu kasoro hiyo. Akayasoma yaliyomo, akayaandika kwenye kiboksi cha dola 45. Wakakifunga. Kioo kikashuka, kikapanda, rimoti ikakubali, taa za onyo zikazimika. Kiboksi kikawa kimepewa jina la mlango wa kulia wa gari la Tanga.

Kimoja tu kiligoma, saiti mira haijikunji yenyewe. Magari mengi ya soko la huku hayauzwi na kitu hicho, kwa hiyo kiboksi hakikutengenezwa na sehemu za kuiendesha. Programu inabadilisha jina, haioti mikono. Mteja aliambiwa wazi, akakubali kuikunja kwa mkono. Sijui kama alipita mtaa mzima kusema fundi hakuua gari, kama alivyopita mwanzo. Ndiyo maana mimi nasema hapa.

Sasa jamani, kabla hamjanipigia simu kuomba spea, na mnajua sikatai, naomba mambo machache. Nitumieni namba ya chesisi ya gari lenu na picha ya namba iliyobandikwa kwenye kiboksi chenyewe, herufi zote, maana herufi moja ya mwisho inaweza kuwa kifaa kingine. Msiseme "mlango wa dereva", semeni kulia au kushoto. Kifaa cha zamani msikitupe hata kama kimeoza, ndicho chenye jina la gari lenu. Na kabla ya kukubali bei, ulizeni kama kinafunga na kufanya kazi, au kinataka mtu wa laptopu, ili gharama yake ihesabiwe mapema na fundi asije akaonekana tapeli.

Baba mdogo, deni la maelezo nimelipa. Deni la nauli ya yule kijana nalo nimelituma Ijumaa, mama mdogo anazo habari. Nasikia umemchukua kijana mmoja wa mtaani umpeleke Dar akajifunze hizo laptopu. Hapo umenifurahisha kuliko yote. Mwambie chaja kwenye betri kwanza.

Haya, chai imepoa na zamu ya kesho inaniangalia. Wasalimieni wote, tutaonana panapo majaliwa.